Chungu wa Jikoni si Chungu wa Mchungwani

Masika yakishika Muheza, kati ya Machi na Mei, udongo hujaa maji na wale waliokuwa wakiishi chini yake hutafuta mahali pakavu, yaani kwetu. Asubuhi unafunua bakuli la sukari unakuta nukta zinatembea. Mchana unapita chini ya mchungwa nyuma ya nyumba, kitu kinakuchoma shingoni kama cheche. Usiku kuku wanapiga kelele bandani, na ukimulika tochi unaona mkanda wa kahawia umekatiza uwanja. Hao ni wadudu watatu tofauti na kila mmoja anataka dawa yake. Wengi wetu tuna moja tu: kopo la kupuliza.

Na mimi nilikuwa hivyo. Nilipopanga Masuguru, jikoni nilikuta mstari wa vijidudu vya rangi ya njano iliyofifia, vidogo mpaka uiname ndipo uvione, vimetoka kwenye ufa wa dirisha hadi kwenye sufuria ya mchuzi. Nikanunua kopo, nikapuliza mpaka nikakohoa mwenyewe. Walikufa wote. Haikupita wiki mbili nikawa na mistari mitatu: jikoni, bafuni na nyuma ya kabati la nguo. Shangazi yangu alipokuja kunitembelea kutoka Magila alicheka. "Mwanangu, umewaua waliotumwa sokoni. Waliowatuma bado wako nyumbani."

Shangazi hakusomea wadudu, lakini alipatia. Chungu unaowaona juu ya meza ni sehemu ndogo tu ya kundi. Malkia, mayai na watoto wako ndani ya ukuta, chini ya sakafu, au kwenye chungu cha maua kilichoko barazani. Walioko nje wakifa, ndani wanatumwa wengine. Tena hawa wa njano, ambao wataalamu huwaita chungu wa Farao, wana tabia mbaya zaidi: kiota kimoja kina malkia wengi, na kikisumbuliwa kwa dawa kali kinagawanyika. Kikosi hubeba mayai na watoto, kikahamia ufa mwingine na kuanza maisha upya. Kwa hiyo ile dawa yangu ilikuwa mbegu, nami nilikuwa nikipanda. Ndio chungu hao hao waliosumbua hospitali za Uingereza. Mwaka 1972 jarida la tiba la The Lancet lilichapisha ripoti kuhusu namna wanavyobeba vijidudu vya maradhi mwilini mwao wakipita wodini.

Kwa hiyo kwanza mjue mgeni wako. Majina hayatusaidii sana, maana Pwani chungu, mdudu chungu na sisimizi huitwa yeyote kati yao kutegemea ulikozaliwa. Tazama mwendo na umbo. Wale wa Farao ni wa njano, urefu wao kama milimita mbili, na hufuata mstari mwembamba ulionyooka kandokando ya ukuta au waya wa umeme. Wapo weusi wenye miguu mirefu wasiojua mstari, wanakimbia huku na huko kama aliyepotelewa na funguo. Hao huwa wanaishi nje, chini ya mawe na makumbi ya nazi, na huingia kutafuta. Kisha kuna wa kahawia ambao ndani ya msafara wao utaona askari mmoja mmoja mwenye kichwa kikubwa kupita kiasi, kama mtoto aliyevaa kofia ya baba yake. Huyo anaitwa Pheidole megacephala, na hilo jina la pili maana yake ni kichwa kikubwa. Alama yake nyingine ni vijilundo vya udongo laini uliotifuliwa kwenye nyufa za sakafu na kando ya msingi.

Huyu wa kichwa kikubwa msimdharau. Kwao ni Afrika, lakini amesambaa duniani na yumo katika orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya kuliko vyote iliyotolewa na shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN. Huko Laikipia, Kenya, utafiti uliotoka mwaka 2024 umeonyesha kwamba anawaua chungu wanaolinda migunga dhidi ya tembo. Migunga ikishavunjwa na tembo, simba hukosa vichaka vya kujificha, wakawakosa pundamilia na kugeukia nyati. Mdudu wa milimita mbili amembadilishia simba chakula. Muheza naye ana kesi yake, nitaifikia mwishoni.

Ukimaliza kumtazama, mjaribu. Jioni, wakati jiko limepoa, weka karibu na mstari wao vitu viwili juu ya kifuniko cha kopo: tone la maji yenye sukari upande mmoja, na kipande cha kichwa cha dagaa au ncha ya kijiko ya siagi ya karanga upande wa pili. Kaa nusu saa. Watakuambia wenyewe wanataka nini. Mara nyingine kundi lile lile hutaka sukari wiki hii na mafuta wiki ijayo, kutegemea kama lina watoto wengi wa kulisha. Kwa hiyo jaribio hili lirudiwe kabla ya kila mtego. Wakati huo huo wafuate kinyumenyume kwa tochi: usiwatazame wanakokwenda, tazama wanakotoka wakiwa na tumbo tupu. Mara nyingi utaishia kwenye fremu ya dirisha, kwenye tundu la waya, au kwenye kona sakafu inapokutana na ukuta.

Sasa chambo. Kanuni yake ni kinyume cha kopo: sumu iwe dhaifu. Chungu aliyekula lazima awe hai mpaka afike nyumbani, akatapikie wenzake na malkia, maana chungu hulishana mdomo kwa mdomo. Asidi ya boriki ndiyo inayofaa nyumbani, kwa sababu huua polepole. Kipimo kilichojaribiwa sana ni boriki asilimia moja ndani ya maji yenye sukari asilimia kumi. Kwa vyombo vyetu, hiyo ni nusu lita ya maji ya uvuguvugu, vijiko vinne vya chakula vya sukari na kijiko kimoja cha chai cha boriki, ukoroge mpaka iyeyuke yote. Chovya pamba, iweke juu ya kifuniko cha soda, iache kando ya njia yao. Wale wanaopenda mafuta, changanya boriki kidogo sana na siagi ya karanga, kiasi kama hicho cha sehemu moja kwa mia.

Boriki utaipata wapi? Duka la dawa la binadamu ndiko pa kuanzia. Vijana wa keram barazani nao wana unga wanaonyunyiza ubaoni ili kete ziteleze. Baadhi ya unga huo ni boriki na mwingine ni wanga mtupu, kwa hiyo usichukue kwa kukisia, soma kopo. Na usizidishe dozi. Kila mtu akisikia asilimia moja hufikiri ataongeza kidogo ishike vizuri. Ukiongeza watafia njiani na malkia hatajua kulikuwa na karamu.

Siku ya kwanza utaona chungu wengi kuliko ulivyowahi kuona. Hapo ndipo watu hukata tamaa wakarudi kwenye kopo. Vumilia. Usipulize chochote karibu na chambo, usifute mstari wao kwa sabuni, waache wapite kama harusini. Badilisha pamba ikikauka. Siku ya tatu au ya nne watapungua, na kundi dogo huweza kwisha ndani ya wiki mbili. Kubwa huchukua zaidi, na lile la Farao lililogawanyika linataka vifuniko kadhaa kwa wakati mmoja, jikoni, bafuni na chumbani, si kimoja.

Boriki ni sumu kwa mtoto pia. Chupa iandikwe kwa kalamu ya wino mzito, isiwe ya soda wala ya maji ya kunywa, iwekwe juu asikofika mtoto. Vifuniko vya chambo viwe nyuma ya kabati au ndani ya kopo la plastiki lililotobolewa matundu madogo ambayo chungu anapita na kidole hakipiti. Mtoto akila, usimtapishe kwa maziwa wala mafuta ya kupikia. Mkimbize hospitali na kopo lenyewe mkononi.

Wakati chambo kinafanya kazi ndani ya kiota, wewe fanya kazi ndani ya jiko. Sukari, unga na maziwa ya unga viingie kwenye makopo yenye mfuniko wa kukaza. Vyombo vya usiku vioshwe usiku. Kikombe cha uji cha mtoto kinachosahauliwa chini ya kitanda ni mwaliko wenye kadi. Ndoo ya taka iwe na mfuniko, na makumbi, vifuu na kuni zisirundikwe zikigusa ukuta wa jiko, maana hapo ndipo wale weusi wenye miguu mirefu wanapolelewa. Nyufa zizibwe kwa saruji. Kama saruji haipo leo, kipande cha sabuni ya mche kilichosuguliwa ndani ya ufa kinashika kwa wiki kadhaa. Kwenye swichi na soketi usipulize dawa wala kumwaga maji. Zima swichi kuu, fundi afungue, tundu lizibwe.

Njia ya bibi zetu ya kusimamisha miguu ya kabati la chakula ndani ya makopo ya maji bado haijapitwa na kitu. Ongeza tone la sabuni, chungu hataweza kuelea juu yake. Hakikisha tu kabati haligusi ukuta, na fagio halikuegemezwa juu yake, kwa sababu fagio la chelewa ni daraja. Maji hayo yamwagwe na kubadilishwa kila baada ya siku tatu. Kopo dogo lenye maji ya kutulia ndilo mbu wa dengi anapopenda kutaga, na Tanga tuliionja dengi mwaka 2019. Si busara kumfukuza chungu ukamkaribisha mbu.

Mtaniuliza kuhusu ndimu, siki, karafuu na mdalasini. Wilaya yetu inalima karafuu na mdalasini huko milimani Amani, kwa hiyo hatuvikosi. Kazi yao ni kuvuruga harufu. Chungu anayepata chakula huburuta tumbo akiacha alama ya harufu njiani, wenzake wanaifuata kama reli. Maji ya sabuni na siki huifuta alama hiyo, karafuu huifunika. Mafuta ya ganda la chungwa yanafanya zaidi: ukilikamua ganda bichi juu ya chungu atakufa mbele yako, na Muheza maganda ni ya bure kila kwenye kibanda cha machungwa. Lakini yote haya yanamfukuza aliye nje. Wa ndani atatafuta njia nyingine kesho. Vitumie kulinda meza ya chakula siku ya wageni. Usivitumie ukiwa umetega chambo, utamzuia chungu asikifikie.

Kuna vitu viwili nisivyotaka kuviona ndani ya nyumba ya mtu. Cha kwanza ni chaki ya dawa inayouzwa na machinga, ile ya kuchora mstari mlangoni. Mtoto anayeanza shule haoni sumu, anaona chaki, na vidole vinakwenda mdomoni. Cha pili ni dawa ya shambani iliyopimwa kwenye chupa ya maji bila lebo, ambayo jirani anakuambia ni kiboko. Dawa ya kupulizia michungwa haikutengenezwa kwa chumba anacholala mtoto. Kiuatilifu halali nchini kina lebo yenye namba ya usajili ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Hakina namba, kirudishe dukani.

Kabla ya kununua chochote hakikisha pia si mchwa. Baada ya mvua za kwanza kumbikumbi huruka kuelekea taa, na chungu wenye mabawa nao huruka. Okota mmoja. Chungu ana kiuno chembamba kama kimefungwa uzi, papasi zake zimepinda kama kiwiko, na mabawa ya mbele ni marefu kuliko ya nyuma. Kumbikumbi hana kiuno, papasi zimenyooka kama shanga, na mabawa yote manne yanalingana. Na ukiona vichirizi vya udongo vinapanda ukutani au kwenye nguzo ya nyumba ya miti na udongo, hiyo ni njia ya mchwa; anakula mbao zako na wala haangalii sukari, hivyo chambo chako chote ni bure. Mwite fundi wa mchwa. Lakini wakipita sungusungu, wale weusi wakubwa wanaotembea kwa msafara na kunuka ukiwagusa, waache: wanakwenda kuvamia mchwa. Wale walinzi wa vijiji walioanzia Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980 hawakuitwa jina hilo kwa bahati mbaya.

Siafu ni habari nyingine kabisa. Hana kiota cha kudumu, hana njia unayoweza kuziba, na anayeishi karibu na msitu wa Amani anamjua tangu utotoni. Mjerumani Julius Vosseler, mtaalamu wa wanyama katika taasisi ya utafiti ya Amani iliyoanzishwa mwaka 1902, aliandika juu yake mwaka 1905, na mpaka leo ushauri wa wenyeji ndio bora: mpishe. Siafu hawakuja kwa ajili ya sukari, wamekuja kuwinda. Wakipita nyumbani kwako watakula mende, panya wachanga na nge, na baada ya saa chache wataondoka wameiacha nyumba safi kuliko ulivyoifagia. Kazi yako ni kutoa walio hai wasioweza kukimbia. Mtoto mchanga kwanza, mgonjwa wa kitandani, mzee. Kisha fungua banda la kuku na sungura, mfungue mbuzi na mbwa aliyefungwa mnyororo. Mnyama aliyefungwa hufa pale pale. Majivu ya moto yakimwagwa mbele ya msafara huugeuza, ukiwahi. Mafuta ya taa yakichanganyika na moto ndani ya nyumba ya makuti yatakupatia hasara ambayo siafu hawakuikusudia. Akikuuma, usivute kiwiliwili peke yake, kichwa kitabaki kimeng'ata, kamata kichwa.

Kuhusu afya niseme mawili. Mtu akiumwa na chungu yeyote kisha uso ukavimba, akapata vipele mwili mzima au pumzi ikabana, hilo si la majivu wala limau. Ni la hospitali, na ni la sasa hivi. La pili, kama mstari wa chungu unakwenda moja kwa moja kwenye choo au kopo la mkojo la mtu fulani wa nyumbani, siku baada ya siku, mpeleke akapime kisukari. Waganga wa kale wa India walilijua jambo hilo kabla ya maabara. Chungu si kipimo, na huweza kufuata maji tu wakati wa kiangazi, lakini kupima sukari ni tone la damu la dakika moja.

Wazee wetu wengi, hasa waliosoma madrasa, husita kuua chungu. Katika Qur'ani kuna sura nzima ya 27 inayoitwa kwa jina lake, An-Naml, na humo chungu anawahimiza wenzake waingie majumbani mwao wasije wakakanyagwa na jeshi la Nabii Suleiman. Mimi naiheshimu kusita huko, na naona kuna hekima ya shambani ndani yake. Tazama mchungwa.

Wale wekundu wanaoshona majani kwa hariri ya watoto wao na kutengeneza viota kama mipira, ndio majimoto. Wanauma, tena wanatema asidi penye jeraha, na mchumaji wa machungwa hawapendi hata kidogo. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtafiti Mwingereza M. J. Way, akiwa Zanzibar, alionyesha kwamba minazi yenye majimoto haikuangusha vidaka ovyo, kwa sababu majimoto walimwinda mdudu mnyonyaji anayeviharibu. Mdudu huyo akapewa jina la mtafiti: Pseudotheraptus wayi. Yeye huyo hunyonya pia mikorosho na miembe. Na adui mkubwa wa majimoto ni nani? Ni yule yule kichwa kikubwa wa sakafuni kwako. Anapanda kutoka ardhini, anawafukuza majimoto mtini, na mnazi unabaki bila mlinzi. Utafiti wa Tanzania uliochapishwa mwaka 2011 na Seguni na wenzake ulionyesha kwamba chini ya miti kukiachwa majani, majimoto hupata nafuu; kukikwatuliwa na kuachwa kweupe, kichwa kikubwa ndiye anayetawala. Wengi wetu tunasifiwa kwa shamba jeupe, na hapo ndipo tunapokosea.

Hivyo chambo cha boriki kiwekwe ndani au kwenye msingi wa nyumba, kisifike mtini, na kopo la kupuliza lisielekezwe kwenye viota vya majani. Majimoto akiingia ndani amepita juu ya tawi linalogusa bati, hana njia nyingine anayoipenda zaidi. Subiri jioni wakishatulia, jipake majivu mikononi mpaka kwenye viwiko kama wafanyavyo wachumaji wengi, ukate tawi hilo moja. Kiota kiache kilipo.